Shuka Garini, Unywe Maziwa

Rongai ya mwaka 1956, aliyetaka kumchukua mbwa aliyekuwa kwa Cheptanui sharti ashuke kwenye gari. Kupiga honi hakukusaidia, wala kuita kwa sauti. Alitakiwa azime injini, ainame kupita mlango mfupi wa nyumba ya udongo, aketi kwenye kigoda na kunywa maziwa yaliyolala kibuyuni. Akishamaliza, ndipo habari ya mbwa ingeanza kuzungumzwa.

Sharti hilo hakuna aliyempa Cheptanui, na mbwa mwenyewe hakuwa wake.

Nilikuwa Rongai siku hizo kwa sababu lori lililokuwa linipeleke Kampala lilivunjika ekseli, na spea ilikuwa ikingojwa kutoka Nairobi. Nilipewa kitanda na Awuor, ambaye mumewe alikuwa mpunga bendera katika stesheni ya reli. Awuor alikamua ng'ombe pamoja na Cheptanui kwenye shamba la Mzungu mmoja, ng'ambo tu ya reli. Nimelala katika bandari na miji mingi, na nikifika mahali nisipopajua huwa namtafuta mtu mmoja anayefanya kazi yake vizuri, nikae karibu naye. Siku ya pili tu nilikuwa nimekwisha kumpata.

Cheptanui alikuwa mjane wa miaka kama hamsini, mrefu, mkubwa wa wakamuaji wote wa shamba lile. Masikio yake yalitobolewa na kuvutwa kwa desturi ya Wakipsigis wa zamani, na kila alipokaa chini ya ng'ombe alizikunja ndewe zake juu ya masikio zisiguse ubavu wa mnyama. Jina lake hupewa mtoto aliyezimia baada ya kuzaliwa, akadhaniwa amekufa, kisha akavuta pumzi.

"Alizimia siku moja tu," Awuor aliniambia. "Tangu siku hiyo hajanyamaza."

Mbwa aliletwa na Jonah, msaidizi wa daktari wa mifugo wa Nakuru. Jonah alikuwa mtu wa Maragoli, mpole, mwoga wa bosi wake, na hodari sana wa kudunga ng'ombe sindano. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, na mnyama mkubwa kama ndama wa miezi mitatu akashuka taratibu, mguu mmoja mmoja, kama mzee anayeteremka ngazi. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mdomo umeanza mvi, na katikati ya mgongo nywele zake zililala kinyume, kuelekea kichwani. Mbavu zake zilihesabika.

"Mama, nimekuletea mgeni," alisema Jonah.

"Mgeni gani wa miguu minne?"

"Nishikie tu mwezi mmoja. Mwenyewe amerudi Ulaya, akatuachia bila hata kutuambia anaitwa nani. Vibanda vyetu vimejaa mbwa wa namna hiyo, na huyu tangu aje amekataa kula."

"Kwa hivyo ni wa nani?"

"Hana mtu, mama. Tunamtafutia mtu."

"Hakuna mnyama asiye wa mtu, Jonah. Kama si wangu na si wako, basi ni wa yule atakayekuja. Mimi namshikia huyo."

Jonah alicheka, akadhani ni maneno ya kuchangamsha. Hayakuwa hayo. Wakipsigis wana neno, kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika boma moja. Humpa rafiki wawili huku, mwingine watatu ng'ambo ya mto, ili ugonjwa au wezi wakiingia boma moja, mali yote isiishe siku moja. Rafiki huwachunga na kunywa maziwa yao, lakini ng'ombe hawawi wake hata wakikaa kwake miaka kumi. Cheptanui alikulia katika nyumba iliyotoa ng'ombe hivyo na kupokea wa wengine hivyo. Daktari wa Nakuru alidhani ameweka mbwa kwa mama fulani wa shambani. Mama huyo alijua amepewa amana, na amana ina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba mnyama wa mtu habadilishwi jina. Jonah alijaribu majina yote ya mbwa aliyoyajua, Simba, Jeki, Taiga, Bobi, na mbwa hakutingisha hata sikio. Wengine tungempa jipya. Cheptanui alikataa. "Jina lake analo. Sisi ndio hatulijui." Wakaishia kumwita Mgeni.

Kuhusu kula, alimkorogea uji wa unga wa mahindi na supu ya mifupa, akaweka sufuria chini. Mbwa akageuza uso. Cheptanui akaenda ndani, akatoka na ugali wake mwenyewe na mboga, akaketi chini karibu na sufuria ile, akaanza kula bila kumtazama. Alipofika nusu ya ugali, mbwa alikuwa amemaliza yake.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi wasemaji wa Kiswahili tunajua. Siku ya tatu alimpeleka zizini. Kulikuwa na ng'ombe mwekundu aliyezaa mara ya kwanza, mrukaji, aliyekuwa amemvunja mkamuaji mmoja kidole. Cheptanui alimfunga miguu kama kawaida. Mgeni akaenda mwenyewe, akalala mbele ya kichwa cha ng'ombe yule, akaweka kidevu juu ya makucha na kuvuta pumzi ndefu. Ng'ombe akamkodolea macho. Akasahau kurusha teke. Maziwa yakashuka, ndoo ikajaa, na tangu asubuhi ile mbwa akawa na kazi.

"Huyo mbwa wako analala kama mume aliyestaafu," Awuor alimtania.

"Mume aliyestaafu hanyamazi hivi."

Hakubweka hata mara moja. Nami niliona hapo ndipo penye taabu. Siku hizo zilikuwa za Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Mashamba yalizungushiwa waya, wafanyakazi walitembea na pasi mfukoni, na kila mwenye shamba alitaka mbwa wa kubweka na kurarua. Na Mgeni hangeweza kubaki pale. Bwana wa shamba aliwakataza wafanyakazi kufuga mbwa wakubwa, na alikuwa ametoa ruhusa ya mwezi mmoja tu, kwa heshima ya daktari. Daktari naye alikuwa na desturi yake, kwamba mbwa asiyepata mtu ndani ya mwezi hupigwa risasi. Cheptanui aliyajua yote mawili tangu siku ya kwanza.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja kutoka Solai, na pikapu. Alipiga honi mara tatu mbele ya nyumba, injini ikinguruma.

"Wapi mbwa? Lete hapa."

"Karibu, bwana," alisema Cheptanui, amesimama mlangoni na kibuyu. "Shuka unywe maziwa."

"Mimi hapana taka maziwa. Nataka ona mbwa. Yeye kali?"

"Shuka umwone."

"Wewe hapana sikia? Lete!"

Cheptanui hakusogea. Mgeni alikuwa nyuma ya nyumba, amelala katikati ya ndama. Bwana yule akapiga mlango wa gari lake kwa kiganja, mara nyingi, akisikiliza kama kitu kitabweka. Hakikubweka kitu. "Kama hapana piga kelele, huyo si mbwa," akasema, akaondoka na vumbi lake.

Wa pili alikuwa memsahib, bibi wa Kizungu, kutoka Njoro. Huyu alishuka. Alivua glavu, akainama mlangoni, akaketi kwenye kigoda na kutabasamu. Nilikuwepo, na moyoni nikasema mambo yameisha. Cheptanui akamimina maziwa kwenye bakuli, mazito, yenye rangi ya kijivu na chembe nyeusi, kwa sababu kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya maziwa kulazwa.

"Iko nini ndani? Iko majivu?"

"Mkaa, memsahib. Ndio unaoyafanya matamu."

Memsahib aliyapeleka mdomoni, akayarudisha, akatabasamu tena. Cheptanui alipogeuka kumwita mbwa, bakuli likainama kando ya kigoda, na udongo ukanywa kilichomo. Cheptanui alirudi, akatazama bakuli tupu, akatazama chini.

"Huyu mbwa hatakwenda Njoro, memsahib," alisema kwa upole. "Pole kwa safari."

Uso wa memsahib ulikuwa mwekundu kama pilipili. Alisema daktari atasikia. Na kweli daktari alisikia, kwa sababu Jumatano Jonah alikuja hata hajaondoa kofia.

"Mama, unataka nifukuzwe kazi? Amenifokea mpaka mate yake yakanirukia. Watu wawili umewafukuza! Jumamosi saa nne naja na gari, na nikija nakuja kumchukua. Unajua anapelekwa wapi."

"Najua. Bunduki."

"Sasa?"

"Sasa keti, unywe maziwa."

Jonah aliketi. Alikunywa, maana alikuwa na kiu na hasira. Ndipo Cheptanui akamweleza habari ya ng'ombe mweupe wa baba yake.

"Alikuwa na doa jeusi shingoni. Mtu mmoja alikuja kumchukua akamchunge kwake. Alisimama langoni, akasema mvua inakuja, ana haraka. Baba naye akawa na haraka. Hakuingia ndani, hakunywa, alipewa kamba akaenda. Msimu uliofuata akatuita tuchukue ngozi. Alisema ni ugonjwa. Mimi ndiye niliyeibeba kichwani kutoka ng'ambo ya mto. Nilikuwa msichana mdogo, na sikuchoka. Ngozi ya ng'ombe aliyeuawa na ugonjwa ni nzito, Jonah, bado ina mafuta. Ile ilikuwa nyepesi kama jani. Ng'ombe yule alikufa njaa." Akalichukua bakuli mkononi mwa Jonah. "Mtu ambaye hawezi kukaa nyumbani mwangu kwa muda wa bakuli moja, atakaa na mnyama miaka mingapi?"

"Lakini hao ni Wazungu, mama. Hawanywi vitu vyetu. Si ubaya wao."

"Sikusema ni wabaya. Nimesema hawamchukui."

"Basi mpe mtu wa hapa. Mpe Awuor!"

"Mimi?" Awuor aliruka. "Huyu atakula watoto wangu. Si kwa ukali, ni kwa njaa tu."

Jonah alisimama, akaivua kofia aliyokuwa ameisahau kichwani, akaivaa tena. "Jumamosi," alisema. "Saa nne."

Ijumaa jioni nilimkuta Cheptanui akisugua kibuyu ambacho nilikuwa nimemwona akikisugua asubuhi. Mgeni alikuwa amelala miguuni pake, mbavu zake sasa zimefunikwa.

"Wewe umetembea," aliniambia bila kuinua macho. "Kuna watu wasiokunywa maziwa ya mtu, na bado wana moyo mzuri?"

Nilifikiria nyumba nilizowahi kuingia. "Wapo," nikasema. "Wengi."

"Basi kwa hao nitakuwa nimekosea." Akakung'uta mkaa. "Kwa huyu mbwa sitakosea."

Jumamosi, kabla ya saa nne, gari la daktari lilisimama mbele ya nyumba. Jonah alishuka na kamba, na akasimama nayo kama mtu aliyebeba kitu cha jirani. Mgeni alikuwa ameogeshwa na kusuguliwa kwa gunia mpaka anang'aa. Aliketi kando ya mlango na kututazama sote kwa zamu.

Ndipo lori la mbao likaingia kwa barabara ya kando ya reli, likasimama nyuma ya gari la Jonah. Injini ikazimwa. Akashuka Kalasinga mmoja mnene, kilemba chake kimejaa unga wa mbao, ndevu mpaka kifuani.

"Hapa ndiyo kwa mama ya maziwa?"

"Ndiyo hapa, Kalasinga!" Awuor alijibu. "Lakini kama umekuja kununua, hayauzwi."

"Hapana nunua. Mimi nataka kunywa."

Jina lake lilikuwa Gurdit Singh, mwenye kiwanda kidogo cha mbao msituni, Elburgon. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipokwisha kuketi, kigoda kikilia chini yake, alitueleza. Alikuwa kwenye pampu ya petroli ya Njoro, na memsahib mmoja alikuwa akimlalamikia mwenzake kwa sauti ya soko zima. "Anasema Rongai kuna mwanamke wazimu. Mtu akitaka mbwa, lazima kwanza akunywe maziwa chafu. Mimi nikasema, hapana, huyu si wazimu. Huyu anajua mnyama."

Cheptanui alimimina. Singh akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa bila kupumzika mpaka nikaona chini ya bakuli. Ndevu zake zilitoka na kijivu. Akacheua.

"Iko ingine?"

Akamiminiwa la pili. Jonah alilitazama jua, akaitazama kamba.

"Mama yangu huko Punjab alikuwa anafanya kama hii," alisema Singh. "Lakini yeye alitia chumvi."

"Chumvi!" Cheptanui alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Chumvi ni ya ng'ombe. Ulikuwa unanyonyeshwa zizini?"

Awuor alipiga makofi, na Singh akacheka mpaka unga wa mbao ukamdondoka kwenye bakuli. Kisha Cheptanui akaketi mbele yake, uso umetulia. "Unamtakia nini mbwa?"

Singh alieleza polepole, na Kiswahili kilipomkwama nilimsaidia kwa Kipunjabi kidogo nilichookota kwenye karakana za reli. Mkewe alikuwa ametoka Punjab mwaka uliopita. Mchana kutwa alikuwa peke yake nyumbani, misumeno ikilia msituni, na lugha za watu wa pale hakujua hata moja. Mbwa waliyekuwa naye alimbwekea kila alipotoka nje, mpaka mke akaacha kutoka. Singh alikuwa amempa dereva mmoja mbwa yule.

"Sitaki mbwa ya kupiga kelele," alisema. "Nataka mbwa ya kukaa. Akae tu na yeye."

"Elburgon kuna baridi. Atalala wapi?"

"Jikoni. Karibu na moto."

"Na msumeno?"

"Iko mbali na jiko. Unasikia kidogo tu, kama nyuki."

Cheptanui alitoka nje, nasi tukamfuata. "Mgeni," aliita. Mbwa alisimama. Alinusa mikono ya Singh yenye harufu ya mti uliokatwa, akanusa magoti, kisha akanyoosha shingo na kuzilamba ndevu zake mpaka maziwa yote yakaisha. Alipomaliza, akageuka na kuketi juu ya mguu usio na kiatu wa Kalasinga, akaegemea kama mtu aliyepata ukuta.

Jonah aliikunja kamba yake taratibu na kuitupa ndani ya gari la daktari. Ilikuwa saa nne na robo.

"Nitakuja kumtazama," Cheptanui alimwambia Singh.

"Karibu, mama. Siku yoyote."

"Sikuombi. Nakwambia."

Mgeni alipanda mbele, si nyuma kwenye mbao. Lori likarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Cheptanui aliliangalia likivuka reli, akaingia ndani, akaanza kuosha bakuli. Jioni, wakati wa kukamua, ng'ombe mwekundu aliinamisha kichwa akitafuta mbele yake, hakuona mtu, akapiga ndoo teke ikaruka.

"Hata huyu anamlilia," alisema Awuor.

"Atazoea," alisema Cheptanui, akazikunja ndewe zake, akafunga miguu ya ng'ombe, akaanza upya.

Spea yangu ilifika Jumatatu. Niliporudi kutoka Kampala mwezi wa Agosti, nilipita Rongai makusudi, nikamkuta Cheptanui amevaa shuka safi na kuomba ruhusa ya siku moja shambani. Tukaenda Elburgon kwa lori lile lile, sasa likiwa na ekseli mpya.

Nyumba ya Singh ilikuwa ya mbao, ukingoni mwa msitu, na msumeno ulisikika kama nyuki. Mgeni alikuwa amelala kwenye kizingiti cha jiko, mnene. Alimwona Cheptanui, akainuka mguu mmoja mmoja, akaja na kuweka kichwa chake katikati ya magoti yake, akakiacha hapo. Cheptanui hakumbembeleza. Alimpapasa mbavu kama anavyopapasa ng'ombe, akafunua midomo akatazama ufizi, akainua miguu yote minne akachungulia nyayo. Alipomwachia, mbwa alirudi jikoni na kulala miguuni pa msichana mmoja mwenye bangili nyingi aliyekuwa akisukuma chapati. Msichana yule alitoka mpaka uani kutulaki, na mbwa akainuka akatoka naye.

Hawakuwa na lugha moja, wale wanawake wawili. Bibi Singh alimsogezea Cheptanui kigoda. Akaosha bilauri ya shaba, akaijaza maziwa ya mgando kutoka kwenye chungu, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akaitia, akakoroga. Akampa kwa mikono miwili, akabaki amesimama.

Singh alikuwa amefika mlangoni. Alikunja mikono kifuani, ndevu juu yake, akangoja.

Cheptanui aliitazama ile chumvi ikizunguka. Akamtazama mbwa. Kisha akainua bilauri na kunywa, macho wazi, bila kupumzika, mpaka nikaona chini yake. Alipanguza mdomo kwa mgongo wa mkono, na uso wake wote ulikuwa umekunjamana kama ngozi iliyoanikwa juani.

"Iko ingine?" akauliza.